Vijiti Kumi Mdomoni

Kwa Sihaba, mke mwenzangu,

Barua zote nilizowahi kusomewa zilianza kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Hii haiwezi kuanza hivyo. Mimi si mzima, na juu yako sina hofu. Nimeigeuza makusudi ili ujue tangu mstari wa kwanza kwamba humu ndani sitakudanganya. Huko nje nimeshakudanganya vya kutosha, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Umekwenda Korogwe mjini kununua begi na ndoo na kukata tiketi ya kesho. Mimi nimekaa kwenye kigoda jikoni, ungo nimeufudikiza mapajani, karatasi iko juu yake. Mkono wa kulia unafanya kazi kuanzia kiwiko kwenda chini, na kuandika hakuhitaji bega. Shule sikuiona, unajua. Herufi hizi nilipewa na mwalimu wa kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye ghala la mahindi, mama yako Tatu akiwa mgongoni ananivuta kilemba. Nilidhani hazitanifaa zaidi ya kutambua jina langu kwenye karatasi ya kura. Sasa ndizo mdomo wangu. Ukitoka wewe, hapa Makuyuni hakuna mtu anayeelewa ninachosema. Mama Rajabu, jirani yetu, huwa ananiitikia "ndiyo bibi, ndiyo bibi," hata nikimwambia mbuzi wake anatafuna kanga yangu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kuchagua marafiki, wala za wanaume. Mtu wa miaka ishirini na minne aliyemlisha bibi yake uji kwa bomba la sindano hahitaji kuambiwa avae sweta. Nataka nikusimulie makosa yangu, kwa sababu hayo hakuna mwingine atakayekusimulia. Wengine wanayaona mambo ya Mungu.

Kidonda cha ufizini ulikikuta kimeshakuwa kikubwa. Kabla yako kulikuwa na mwaka mzima ambao nilikuwa nakigusa kwa ulimi kila asubuhi na kusema kitapona, huku naweka ugoro palepale. Ugoro ule nilianza kabla ya mama yako kuzaliwa. Mdomo ulikuwa unanuka mpaka babu yako, Mungu amrehemu, angekuwa hai angehama chumba. Nilinyamaza. Nikafika hospitali kubwa wakati hakuna tena cha kuchagua: wakakata kipande cha taya, wakapasua kuanzia nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, wakaondoa matezi yote ya upande ule. Hilo ni kosa la kwanza, na ni la kawaida. Wodi nzima ilikuwa na watu wa kosa hilo.

La pili ni langu peke yangu.

Unamkumbuka yule binti wa mazoezi, mwembamba, mwenye miwani? Alinijia kitandani siku ya nne tu. Akanionyesha namna ya kutembeza vidole ukutani kama mjusi, mkono upande kidogo kidogo. Akanionyesha kufungua mdomo mara tano kwa siku hata kama machozi yanatoka. Akasema, "Bibi, mdomo huu usipoufungua sasa, baadaye hautafunguka hata kwa nyundo. Na bega likilala, litalala moja kwa moja. Tumeelewana?" Nilimwitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, mtoto huyu hajazaa hata mara moja, ataniambia nini mimi habari za mwili uliopasuliwa?

Kwa sababu mimi ni mkandaji, Sihaba. Nusu ya watoto wa kata hii mama zao niliwakanda mimi. Niliwafunga matumbo kwa kanga, niliwakalisha ndani siku arobaini, maji ya moto, uji, hakuna kuinua ndoo, hakuna kunyoosha mikono juu kuanika nguo. Wakatoka wamenenepa, wamefungika vizuri. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na ilikuwa haijawahi kuniangusha. Mwili uliofunguka unafungwa na kupumzishwa. Basi nilipofika nyumbani nikajiweka arobaini.

Wewe ulikuwa chuoni kwenye mtihani wa mwisho. Mimi huku nikachukua kanga, nikaufunga mkono wa kulia kifuani ili bega lisisogee. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakipitisha chini ya kidevu, nikakifunga utosini ili taya litulie. Mama Rajabu alipoleta uji alisimama mlangoni.

"Bibi Mwajabu, hicho kitambaa kinanitisha."

"Kinakutisha nini?" Wakati ule maneno yangu yalikuwa bado yanasikika kidogo.

"Umejifunga kama tunavyowafunga wale."

Nilijua anasema wale gani. Mimi na yeye tumewaosha wengi, na taya la maiti hufungwa hivyohivyo. Nikamwambia aache uji aende zake. Kila jioni nikawa nahesabu siku kwa kuweka punje ya mahindi kwenye kikombe, na kila nikiweka punje nafurahi kwamba maumivu yanapungua. Ni kweli yalikuwa yanapungua. Kitu kisichosogezwa hakiumi.

Ulifika punje zikiwa thelathini na nane. Hukuniamkia hata shikamoo. Uliangusha begi.

"Bibi! Nani kakufunga?"

"Nimejifunga."

"Kwa nini?"

"Arobaini."

"Arobaini ya nini? Kwani umezaa?"

Nilitaka kucheka, nikakuta mdomo haupo. Yaani upo, lakini hautii amri. Ulikifungua kitambaa mwenyewe, ukaniambia fungua, fungua bibi, na mimi nafungua kwa nguvu zangu zote, na wewe unasema mbona hufungui. Ulipoufungua mkono ukaanguka ubavuni kama wa mtu mwingine. Ukaenda nyuma ya nyumba. Ulidhani sisikii.

Baada ya hapo ikaja mionzi, na mionzi ikakaza kilichobaki. Lakini mimi sitaki uisingizie mionzi. Binti wa mazoezi aliponiona tena hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole, "Nani alikuambia upumzike, bibi?" Nikanyoosha kidole kifuani kwangu. Angenitukana ningepata nafuu.

Mwaka na nusu uliofuata unaujua, ila unaujua kutoka upande wako. Acha nikupe upande wangu. Kila asubuhi ukishaosha vyombo unakuja na vile vijiti bapa vya hospitali, vile wanavyokandamizia ulimi, unanikalisha hapa kwenye kigoda. Tunavipanga kimoja juu ya kingine kati ya meno ya juu na ya chini, tunasubiri, tunapenyeza kingine. Tulianza na vinne. Ukanifundisha kuhesabu maumivu kwa kuvuta pumzi. Ukachora alama za mkaa kwenye ukuta huu ninaoutazama sasa, kila vidole vyangu vilipofika, na ukasema tutafika kwenye boriti. Alama ya juu kabisa iko usawa wa sikio langu. Iko hapo tangu masika ya mwaka jana. Ulipitisha kamba juu ya boriti, mkono mzima uuvute mgonjwa, na ukawa unaniimbia kama mtu anayechota maji kisimani. Watoto wa Mama Rajabu wakawa wanakuja kuchungulia bibi anayejinyonga mkono.

Ulikuwa mkali. "Bibi, leo umetegea." "Bibi, hicho hujakipenyeza, umekiegesha." Siku moja nilikataa kabisa, nikafumba, ukaniambia, "Sawa, basi nakwenda kumwambia babu huko kaburini kwamba mke wake mkubwa ni mvivu, abaki na mimi mdogo." Mate yakanichuruzika kwa kicheko. Kicheko changu siku hizi hutoka puani na mateni, sina namna nyingine. Ukayafuta kwa upindo wa kanga yako kama vile ni jambo la kawaida. Nataka ujue niliona. Kila mara uliyofuta, niliona.

Tulifika vijiti vinane. Ulirukaruka humu jikoni mpaka kuku wakatoka. Wiki iliyofuata vikawa saba, na ukasema ni baridi tu.

Haikuwa baridi. Safari yetu ya mwisho kliniki, ulipokuwa umepanga foleni kwenye dirisha la dawa, nilimwandikia binti wa mazoezi kwenye karatasi: litafunguka? Akaisoma. Akavua miwani. Akasema, "Bibi, sitaki kukudanganya. Hapo lilipofika ndipo. Nyama imekuwa kama kamba kavu. Mazoezi sasa ni ya kulizuia lisifunge zaidi, siyo ya kulifungua." Nikamwandikia tena: na bega? Akatikisa kichwa. Nikamwandikia: mjukuu wangu asijue. Akaikunja karatasi, na ulipokuja na dawa alikusifu sana kwa kazi unayonifanyia, na wewe ukafurahi, ukadhani ni habari njema.

Kwa hiyo uji ndio chakula changu mpaka mwisho, Sihaba. Bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga tuliyoahidiana kula siku ya vijiti ishirini haipo. Mimi nimeshaizika. Nilikuwa naogopa kukuzikisha na wewe.

Sasa tuje kwenye uongo. Wa kwanza ulikuwa wako. Ajira ya ualimu ilipotoka mara ya kwanza uliniambia jina lako halimo. Nikaamini, nikakuombea. Miezi mitatu baadaye Mama Rajabu akaniambia, kwa kuteleza tu, kwamba mwanawe alikuwa amekuonyesha jina lako kwenye simu, shule ya msingi huko Kigoma, na siku za kuripoti ukaziacha zipite. Sikukuuliza. Nilikutazama unanikorogea uji nikaona ninachokula ni nini.

Jina lilipotoka tena safari hii, Mpanda, nilikuwa nimeshamwagiza Mama Rajabu aniambie kabla yako. Ulipoona najua, ukasimama hapo penye mafiga, mikono kiunoni.

"Siendi, bibi."

Nikaandika kwenye daftari ninalosemea: unakwenda.

"Ukifika vijiti kumi nakwenda. Kumi unapitisha kijiko, unapitisha wali uliopondwa, unaweza kukaa na mtu yeyote. Chini ya kumi siendi, na usinisumbue."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili za kuripoti. Na mimi nilikuwa na vijiti saba ambavyo havitaongezeka milele.

Ulikuwa ukienda kuwafundisha tuisheni watoto wa huko barabarani, mimi nikatoka na furushi la vijiti, nikakaa kwenye kizingiti cha saruji, nikaanza kusugua. Kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, upande huu na upande huu. Mkandaji anajua unene kwa vidole, hilo halijakatwa. Siku ya kwanza nilivipunguza kidogo tu, ukaingia kijiti cha nane. Uliniangalia usoni kwa muda nikadhani umejua. Kumbe ulikuwa unajizuia usilie. Nikavisugua tena. Vilipoonekana vyeupe sana kama vipya, nikavilaza kwenye chai ya rangi usiku kucha, nikavianika juu ya paa la banda la kuku. Siku ya tano vikawa tisa. Juzi asubuhi vikawa kumi.

Ulipiga kelele mpaka Mama Rajabu akaja mbio akidhani nimekata roho. Ukamwambia, "Mama Rajabu, njoo uone! Kumi! Kumi!" Yeye akavitazama vile vijiti, akanitazama mimi, akasema, "Mashaallah." Yule mwanamke ameosha maiti na mimi miaka mingi, anajua uso wangu. Usimlaumu. Nilimkazia macho.

Kwa hiyo hapo mdomoni mna kumi, Sihaba, lakini ni saba. Umepanda basi kwa sababu ya vijiti vilivyosuguliwa kwenye saruji.

Kabla hujakasirika, soma na hili, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko taya. Mama yako alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata nafasi ya kwenda Tanga kusomea uuguzi. Barua ilikuja, nauli ikapatikana. Mimi nilikuwa nimeshamzika babu yako mwaka uleule, na nyumba ilikuwa imekuwa kubwa ghafla. Basi asubuhi ya kuondoka nikasema mgongo. Nikalala. Siku tisa nililala, Sihaba, sina hata homa. Tatu ananikanda, mimi naguna pale anapogusa, kwa sababu najua mgonjwa wa mgongo huguna wapi. Siku ya kumi nikaamka mzima, na nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Akaolewa Mazingara na mwanaume wa kwanza aliyekuja, na ulipoachishwa ziwa akakuleta kwangu, akasema, "Chukua huyu ndiye umpe mgongo wako." Nilijifanya sikuelewa. Ndiyo maana huja siku za sikukuu tu na haketi mpaka ndani.

Mara ile nilijifanya mgonjwa nikapoteza mtoto. Safari hii nimejifanya mzima. Sijui kama moja linafuta lingine. Nadhani halifuti. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Mikono yangu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na kazi ya mwisho iliyobaki kwenye mikono hii ilikuwa kusugua vijiti.

Sikwambii haya ili urudi. Ukirudi utanikuta na saba, baadaye sita, baadaye sindano na bomba. Hakuna utakachofungua. Wewe hukushindwa kitu. Ulikuja siku ya thelathini na nane, na mimi nilikuwa nimeshaharibu. Kama ungekaa hapa miaka mitano ungekuwa unafuta mate yangu na kupanga vijiti, na siku moja ungejikuta na sauti ya mama yako ukiongea na mtoto wako. Hiyo naiogopa kuliko kaburi.

Nilimwandikia mama yako. Barua fupi, maneno ya mgongo yamo, yote, mpaka siku tisa. Amejibu kwa simu ya Mama Rajabu kwamba atakuja Jumapili akishapalilia, na kwamba haji kwa sababu nimeomba msamaha, anakuja kwa sababu mtu lazima akoroge uji. Basi nitakula uji wa hasira. Utakuwa na chumvi nyingi, namjua. Tutakaa humu jikoni yeye na mimi, yeye hataki kuongea, mimi siwezi. Labda tutaelewana.

Nikisema nikuachie neno moja la kubeba huko Mpanda, sina. Nilikuwa nadhani ninayo mengi, yakatoka na taya. Nina ombi tu. Siku kitu kitakapokukata huko, kikakukata kweli, usijifunge kitambaa ukasubiri kiache kuuma. Kisogeze siku ileile, mbele ya mtu, hata ukilia. Mimi nilingoja maumivu yaishe, yakaisha, nikabaki na mdomo wa mlango uliopigwa misumari.

Barua hii nimeiweka kwenye bahasha ya vyeti, nyuma ya cheti chako cha kuzaliwa. Hutaifungua mpaka ufike kwenye ofisi yao na wakuombe vyeti. Hapo utakuwa umeshasaini, au unakaribia. Saini, kisha ndio ulie. Vijiti vitatu nimekuwekea humo pia, vimefungwa kwa uzi. Ndivyo vilivyokuwa havimo.

Nasikia pikipiki, nadhani ni wewe na ndoo yako. Naacha.

Kesho asubuhi kabla ya basi utataka kunipima mara ya mwisho, nakujua. Utanikalisha kwenye kigoda, utahesabu kwa sauti, na mimi nitavishika kwa meno vyote kumi mpaka umalize. Utacheka, na mimi nitakutazama kwa karibu sana, pengine utashangaa bibi anakodoa nini. Wakati unasoma hapa, kicheko kile nimeshakichukua. Usinidai.

Ni mimi bibi yako, mke mwenzako mkubwa,
Mwajabu.